Nyumba Namba Mia Mbili na Kumi na Nne

Kwa jina la Mola aliyemfunza mja kwa kalamu yale asiyoyajua, na rehema zimfikie Mtume ambaye watu walimwekea amana zao hata kabla hawajayaamini maneno yake, naanza. Enyi jamaa zangu, wake kwa waume, mnaolala chini ya mapaa yenu kwa amani, nawasimulieni habari ya mtu mmoja wa mtaa wetu. Yeye mwenyewe aliniruhusu niisimulie, akaniomba jambo moja tu: nisiipunguze.

Niwapange kwanza watu mahali pao, asije msomaji akawachanganya. Wa kwanza ni diwani wetu. Kabla ya udiwani alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na hakuna duka katika mji wetu mdogo ambalo jina lake halikuandikwa kwa mkono wake. Ndiyo maana tulimwita Mwandiko, na alipochaguliwa hatukumvua jina hilo, tuliliongezea tu kofia tukasema Mheshimiwa Mwandiko. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, na mtoto hakumwachia.

Wa pili ni dada yake, mkubwa kwake kwa miaka tisa. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamfunza kula kwa mkono wa kulia na kushika kalamu. Alikuwa mjane mwenye mwana mmoja aliyehamia mbali. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu kwa pasi ya mkaa, barazani kwake, kando ya mfereji wa maji ya mvua. Wakubwa kwa wadogo walimwita Dada Pasi. Wa tatu ni kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na nyumba ya diwani. Mtu huyu ulimi wake ni mkali kuliko wembe wake, ila haukati mtu asiyestahili. Wengine watapita tu, na nitawataja kwa kazi zao.

Sasa sikilizeni. Ukutani kwa diwani, upande wa barabara, palikuwa na ubao mweusi uliotoka katika shule iliyofungwa. Kila baada ya kikao cha baraza la madiwani, diwani aliswali alfajiri, akatoka na chaki yake, akawaandikia watu yaliyoamuliwa. Wala hakuyanakili kama yalivyotoka kwa karani. Aliyavua joho la ofisini akayavika nguo za mtaani. Karani akiandika kwamba baraza limeridhia awamu ya pili ya ukarabati wa miundombinu ya maji taka, Mwandiko aliandika: "Watachimba mbele ya fundi viatu kuanzia Jumatatu. Ondoeni baiskeli." Watu walisoma, wakacheka, wakaondoa baiskeli.

Tena alikuwa na desturi moja, na juu ya desturi hiyo ndipo kisa hiki kinapogeuka. Katika ramani ya baraza kila nyumba ina namba yake. Lakini nani miongoni mwetu aliijua? Hati zetu zilikuwa sandukuni, nazo zilibeba namba za zamani, kabla ramani haijapigwa upya. Sisi tulizijua nyumba kwa watu wake: nyumba ya mlango wa kijani, nyumba ya mama wa mapacha, nyumba ya pasi. Kwa hiyo kila jambo lililohusu nyumba lilipopitishwa, diwani alikwenda kwenye ramani, akafuata namba kwa kidole mpaka zizungumze, kisha ubaoni akaandika majina tunayoyajua. Madiwani wenzake walimcheka, wakisema anafanya kazi ya tarishi. Naye alijibu kwamba tarishi asiyefikisha barua ni mzigo kwa punda.

Na kila Ijumaa asubuhi Dada Pasi alimletea ndugu yake nguo zilizopigwa pasi, zimekunjwa ndani ya shuka safi. Alisimama mbele ya ubao, akasoma kila neno kwa sauti ya chini, kisha akamwambia pale alipokosea nukta. Hivyo ndivyo tulivyoishi, wala hatukujua kwamba ile ilikuwa neema.

Ikawa siku ya Jumanne, baraza likakaa na ajenda kumi na saba. Feni ya ukumbini ilikuwa imekufa, wajumbe wakijipepea kwa makabrasha yao. Ajenda ya kumi na moja ilihusu kupanua mfereji wa maji ya mvua. Ramani ilikuwa mezani kwa mhandisi, imekunjwa, wala hakuna aliyeomba ikunjuliwe. Mwenyekiti aliuliza wanaoafiki, mikono ikapanda, na wa Mwandiko ukapanda pamoja nayo. Aliniambia kwamba wakati ule alikuwa akifikiria maji ya kunywa.

Baada ya kikao alikwenda kwenye ramani kama ilivyokuwa desturi yake. Nyumba kumi na moja zilikuwa zibomolewe. Akazifuata kwa kidole: ya fundi viatu, ya mama wa mapacha, ya mkunga. Kidole kikafika namba mia mbili na kumi na nne, kikasimama. Ilikuwa nyumba ya pasi.

Msomaji mwema, jambo bado lilikuwa na dawa. Kanuni za baraza zilisema kwamba diwani mwenye ndugu katika jambo husema mapema na kutoka ukumbini. Yeye hakusema kwa kuwa hakujua, na angeweza kurudi akalieleza. Tena mhandisi mwenyewe alimwambia, huku akikunja ramani, kwamba ng'ambo ya mfereji kuna ghala tupu lisilo na mtu. Wenye nyumba wakileta pingamizi la maandishi ndani ya siku ishirini na moja, mfereji utapanuliwa upande wa ghala. Wasipoleta, mfereji utafuata njia fupi, inayopita penye nyumba zao. Kazi iliyobaki, basi, ilikuwa moja tu: watu waambiwe.

Alfajiri ya Jumatano alitoka na chaki. Aliandika kichwa cha tangazo, kisha akaandika "nyumba ya", na mkono ukakataa. Angeandikaje jina la nyumba ya dada yake chini ya uamuzi alioupigia kura yeye? Watu wote wangesoma kwamba diwani amemvunjia nyumba aliyembeba mgongoni. Akafuta maneno yale mawili kwa kiganja, akanakili tangazo kama lilivyotoka kwa karani, neno kwa neno, na chini yake akapanga namba kumi na moja kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika. Hapakuwa na uongo hata wa herufi moja. Tangazo lilikuwa sahihi, wala halikumfaa mtu.

Kinyozi alivuka barabara, kitambaa begani, akasimama akikuna kidevu.

"Mheshimiwa, leo umetuandikia hesabu. Tujumlishe au tutoe?"

Diwani alijibu kwamba ni viwanja vya upande wa mfereji, na anayetaka kujua zaidi aende kwa karani, ramani iko wazi saa za kazi.

"Nani anaijua nyumba yake kwa namba? Mimi ukiniuliza namba, nitakutajia ya viatu vyangu."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Waliokuwa pale walitawanyika, kila mmoja akidhani namba zile ni za jirani. Na mimi ninayewasimulia nilipita siku ile nikitoka msikitini. Niliziona namba, nikasema moyoni kwamba diwani angekuwa na la maana angelisema. Naliandika hili kwa kuwa Mola analijua hata nisipoliandika.

Ijumaa ikafika, na Dada Pasi akaja na shuka lake. Akasimama mbele ya ubao akasoma mpaka mwisho, kisha akakiinua kidole karibu na namba ya saba katika orodha.

"Hii nne umeinakshi, mdogo wangu. Ina shingo kama ya bata. Hukuwahi kuandika nne nzuri namna hii."

Kidole chake kilikuwa juu ya nyumba yake mwenyewe. Ndugu yake alikuwa kizingitini, chaki mkononi, hatua tatu tu kutoka kwake. Akaufungua mdomo. Dada yake akatikisa kichwa akasema, "Masikini, hawa watu wa namba. Sijui wana watoto wangapi humo. Mwenyezi Mungu awape subira na pengine pa kwenda."

"Amina," akasema diwani.

Nilimuuliza baadaye, tukiwa wawili, kwa nini hakumwambia hata kwa faragha. Alinijibu kwamba alitaka apate dawa kwanza ndipo ataje ugonjwa. Alikuwa na mpango wa kuzungumza na mhandisi, na mwenyekiti, na huyu na yule. Lakini mhandisi alisafiri, mwenyekiti akasema tusubiri pingamizi za wananchi, na siku zikawa zinapita kama maji chini ya mlango. Ijumaa ya pili dada yake alimwonyesha kola ya shati iliyochakaa, jinsi alivyoigeuza ndani nje ikawa mpya. Diwani alisema, "Dada." Naye akasema, "Nini?" Akamjibu kwamba kola ni nzuri. Ijumaa ya tatu alijifungia ndani, akamsikia akibisha mara mbili, akamsikia akiziweka nguo juu ya dirisha, akamsikia akiondoka. Nyayo za dada yake alizijua tangu utoto. Anasema siku ile zilikuwa nzito kidogo, na kwamba bado anazisikia.

Siku ya ishirini na moja ilikuwa Jumatano. Asubuhi aliandika pingamizi kwa mkono wake, akalipeleka kwa karani. Karani alilisoma, akaligeuza, akamwambia kwa upole kwamba halina sahihi ya mwenye nyumba. Akalete sahihi ya mwenye nyumba yoyote kati ya zile kumi na moja kabla ya saa tisa mchana, na mambo yote yatasimama.

Alikwenda kwa dada yake saa sita na robo. Baraza ilikuwa imejaa. Palikuwa na arusi mtaa wa pili, na wateja watatu walikuwa kwenye benchi wakingoja nguo zao. Diwani akaketi mwisho wa benchi, karatasi imekunjwa mfukoni. Akajisemea: wakiondoka hawa nitasema. Mmoja akaondoka, wakaja wawili. Dada yake alimpa maji kwenye gilasi ya bati, akamwuliza kama ana homa.

"Nimepita tu," akasema.

"Basi pumzika. Siku hizi hupiti."

Akapumzika. Aliutazama mvuke ukipanda kila pasi ilipokutana na kitambaa chenye maji. Alizihesabu nyufa za ukuta ambao angeweza kuuokoa kwa sentensi moja. Redio ya jirani ikatangaza saa tisa. Yule mteja wa mwisho akaondoka na nguo zake saa tisa na dakika kumi, baraza ikawa tupu, na wakati huo sasa hapakuwa na lolote la kusema ila salamu ya kuaga. Sahihi ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Wiki mbili baadaye wakaja vibarua wa baraza na ndoo ya rangi nyekundu, wakaweka alama ya msalaba kwenye kuta kumi na moja. Fundi viatu alidhani ni za kampeni. Mkunga alitoka na ufagio akawafukuza. Dada Pasi hakugombana na mtu. Aliiweka pasi juu ya kigae, akajifunga upya mtandio wake, akaenda moja kwa moja kwa ndugu yake. Aliingia bila kubisha, kwa furaha kidogo, kama mtu aliyeona kosa ambalo litarekebishwa mara moja.

"Watu wenu wamekosea nyumba," alimwambia. "Chukua chaki twende ukawaandikie."

Hapo ndipo diwani alipomweleza yote, kuanzia mkono uliopanda hadi gilasi ya bati. Alisema macho yake yakiwa sakafuni.

"Ulijua lini?" dada yake akauliza.

"Tangu siku ile ya kikao."

"Kabla ya Ijumaa ya kola?"

"Kabla yake, Dada. Kabla hata ya ile ya kwanza."

Mama huyu hakupaza sauti. Wanaomjua wanasema hakuwahi kupaza sauti maishani mwake. Alisema, "Mkono uliopanda ningeusamehe siku hiyohiyo. Mkono hauna macho. Lakini ulinisikia nikiwaombea watu wa namba, ukaitikia amina."

Kisha akatoka. Alipita mbele ya ubao bila kuusoma.

Nyumba zilivunjwa mwezi uliofuata, kwa siku mbili, na mvua ya kwanza ilipokuja mfereji mpya ulimeza maji yote, kama mhandisi alivyoahidi. Baraza liliwapa wenye nyumba viwanja nje ya mji, penye vichaka. Fundi viatu alikosa wateja huko akaacha ufundi. Mkunga alikwenda kwa binti yake. Dada Pasi alimwandikia mwanawe, naye akaja kumchukua, wakaondoka asubuhi na mizigo mitatu. Hakumuaga ndugu yake. Ila juu ya dirisha la diwani palikuwa na shuka limekunjwa, na ndani yake shati moja, lile la kola iliyogeuzwa, limepigwa pasi vizuri kama siku zote. Shati hilo hajalivaa mpaka leo. Anasema akilivaa mara moja litakunjamana, na hakuna wa kulinyoosha.

Mheshimiwa hakuchaguliwa tena. Kabla muda wake haujaisha alisimama kikaoni akakiri mbele ya madiwani wenzake kosa la kura na kosa la ubao, nao wakamwandikia onyo, wakaendelea na ajenda. Mtaani hakuna aliyemtukana. Kutukanwa kungekuwa afadhali. Watu waliitikia salamu yake na kuendelea na safari. Alfajiri aliendelea kuandika ubaoni yale aliyoyasikia kwa karani, sasa kwa majina tunayoyajua, hata yaliyokuwa machungu. Watu walisoma wakipita upande wa pili wa barabara, bila kusimama. Kinyozi alikigeuza kiti chake kikatazama ukuta.

Kisha akaanza kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Alinunua rangi na brashi, akaenda na nakala ya ramani nyumba kwa nyumba, akiomba ruhusa, akaandika namba ya kila nyumba juu ya mlango wake, na chini ya namba jina ambalo mtaa unaijua. Ilimchukua miezi saba. Leo katika mtaa wetu hata mtoto wa miaka mitano anaijua namba ya kwao. Namba kumi na moja tu hazina mlango wa kuandikwa. Barua kwa dada yake aliandika nyingi, na majibu hayakuja.

Mwaka wa tatu, siku ya Jumamosi, kinyozi alivuka barabara kwa mara ya kwanza tangu siku zile. Alimkuta diwani wa zamani anaosha brashi. Akavua kitambaa chake begani, akakikunja, akamweleza bila mzaha. Mteja mmoja aliyetoka safari alikuwa amemwambia, akidhani kila mtu anajua, kwamba Dada Pasi amefariki. Amezikwa siku nane zilizopita. Mwanawe hakuleta habari, kwa kuwa mama alisema mjomba asisumbuliwe.

Mwandiko aliuliza kama mteja ana hakika. Kinyozi akasema anayo. Ndipo akaingia ndani, akatoka na chaki, akaufuta ubao wote mpaka ukawa mweusi kama siku ulipotoka shuleni. Akaandika polepole:

"Dada yangu, aliyekuwa akipiga pasi katika nyumba namba mia mbili na kumi na nne, amefariki dunia. Namba ile ilikuwa yake. Mimi niliijua."

Akasimama kando, chaki mkononi, pale pale kizingitini alipokuwa amesimama Ijumaa ya kwanza. Barabara ilikuwa na watu wakienda sokoni, nao wakaupita ubao kama walivyozoea. Kinyozi akageuka akautazama ubao, akasafisha koo, akausoma kwa sauti kubwa tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Wapita njia wakasimama. Mmoja akasema, "Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea." Hakuna aliyesogea kumshika mkono, lakini pia hakuna aliyeondoka mpaka kinyozi alipomaliza.

MAFUNZO

Jamaa zangu, habari inayomhusu mtu ni mali yake, na uliyeishika kwa ajili yake una amana mkononi. Kuichelewesha ni kuila. Na wala msidhani kwamba amana hurudi kwa kutamkwa tu. Ukimpa mtu haki yake kwa lugha asiyoifahamu, nawe unajua kwamba haifahamu, hujampa kitu, hata ukiiandika kwa dhahabu. Ndugu yetu hakusema uongo hata mara moja, na ukweli wake ndio uliobomoa nyumba kumi na moja.

Kwenu mliochaguliwa: mkikosea, semeni siku ileile, kosa likingali na umri wa mtoto mchanga na laweza kubebwa. Na kwetu sisi tusomao mbao za matangazo: tukiona namba tusiyoielewa, tuulize ni ya nani. Huenda ni yetu, na kama ni ya jirani, jirani naye ana haki juu yetu. Mimi niliipita.

Habari ukiificha, haifi bali hukua,
Hukungoja kukikucha, mlangoni imetua,
Aibu unayoicha, ndiyo itayokuua,
Sema kungali mapema, wakati wa kusikiwa.

Ewe Mola, mrehemu mama yule aliyewaombea watu wa namba bila kujua kwamba ni yeye, na umjengee huko aliko nyumba isiyovunjwa. Mtulize ndugu yake ambaye bado anaandika, na mpe mtu wa kusimama mbele ya ubao wake. Na sisi tuliobaki, tupe ulimi unaowahi, sikio linalouliza, na majirani wasiotupita. Amina.